Ventileta za watoto wachanga zenye udhibiti wa ujazo: usiinunue kwa skrini, inunue kwa kihisi

Mtoto njiti wa kilo moja huvuta mililita 4 hadi 6 za hewa kwa pumzi moja. Kijiko cha chai kina mililita 5. Ukiikamata hesabu hiyo, huhitaji kuelezwa sana kwa nini mashine ya watu wazima iliyoongezewa kitufe cha "mtoto mchanga" haitoshi, wala kwa nini tathmini hii haianzi na ukubwa wa skrini.

Tunazozitathmini ni ventileta zilizotengenezwa mahsusi kwa watoto wachanga. Zina kihisi cha mtiririko wa hewa kinachokaa kwenye kiungo cha Y, pale mrija wa hewa ya kuingia na wa kutoka inapokutana, karibu kabisa na mdomo wa mtoto, na zina hali ya kudhamini ujazo: wewe unaitajia mashine mililita unazotaka, yenyewe inatafuta shinikizo la kuzifikisha. Babylog 8000 ya Dräger ndiyo iliyowazoesha wengi hali hii. Siku hizi karibu kila mtengenezaji anayo na ameipa jina lake, lakini kazi ni ileile na kasoro ni zilezile, kwa hiyo tunaziweka kwenye kapu moja.

Uamuzi tuutoe mapema. Kwa mtoto ambaye hana budi kuwekewa mrija kooni, hii ndiyo aina ya mashine ya kununua. Ila uzuri wake wote umening'inia kwenye kifaa kidogo kuliko kidole gumba, na kwenye hyumidifaya, kifaa cha kupasha na kulowesha hewa, ambayo mara nyingi haimo hata kwenye brosha.

Kwa nini ujazo

Mashine ya kawaida ya shinikizo inakwenda hivi: unaweka shinikizo la kilele, PIP, sentimita 20 za maji, na shinikizo la mwisho wa pumzi, PEEP, 5. Pafu likiwa gumu, presha hiyo inaingiza pengine mililita 3. Surfaktanti, majimaji ya asili ya pafu ambayo njiti hupungukiwa na hupewa kama dawa, ikishawekwa, pafu hulainika ndani ya dakika chache, na presha ileile sasa inaingiza 8 au 9. Kengele hailii, maana kilichopimwa ni shinikizo na shinikizo halijabadilika. Pafu linavimba kupita kiasi, kabonidayoksaidi kwenye damu inaporomoka, mishipa ya ubongo inajibana, na muuguzi aliyegeuka kuandika faili hana habari. Mashine za zamani zilihitaji mtu asimame na mkono kwenye kitufe kwa saa nzima baada ya surfaktanti. Hizi hushusha PIP zenyewe.

Majaribio yaliyolinganisha njia hizi mbili yamechambuliwa kwa pamoja, na yanaegemea upande mmoja: ujazo uliodhibitiwa hupunguza hewa kuvujia nje ya pafu, hupunguza kabonidayoksaidi kushuka kupita kiasi, hupunguza kuvuja damu kukubwa ndani ya ubongo, na hupunguza vifo au ugonjwa sugu wa mapafu vikihesabiwa pamoja. Ni vifaa vichache vya wodi ya njiti vyenye ushahidi wa namna hiyo.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Mashine husoma hewa iliyotoka kwenye pumzi iliyopita, hulinganisha na lengo, kisha huongeza au hupunguza shinikizo la pumzi inayofuata kwa hatua ndogo. Inasoma hewa inayotoka kwa sababu mrija wa watoto wachanga kwa kawaida hauna puto, hivyo hewa huvuja pembeni yake, na huvuja zaidi wakati wa kuingia kwa kuwa ndipo presha iko juu. Iliyorudi ndiyo iliyofika pafuni kweli. Basi usitarajie namba itulie. Mtoto akilia au akijikaza tumbo ujazo utayumba. Tazama mwelekeo wa dakika kadhaa, usikimbizane na pumzi moja moja.

Kwa nini kihisi kiwe mdomoni mwa mtoto badala ya ndani ya mashine? Chukulia mirija na chombo cha maji vinatanuka kwa mililita 1 kwa kila sentimita ya presha. Presha ikipanda kutoka 5 hadi 20, mililita 15 zinaishia kutanua plastiki, na mtoto mwenyewe anahitaji 5. Mashine inayopima upande wake wa mirija inahesabu 20, kisha inatoa kwa kukadiria. Kukadiria mara 3 ya unachokitafuta si kupima. Muuzaji akikuambia mashine yake "inafidia mirija kwa programu" na haina kihisi cha Y, mshukuru kwa chai, uondoke.

Namba za kuanzia

Kwa njiti mwenye upungufu wa surfaktanti, anza na mililita 4 hadi 5 kwa kilo. Chini ya gramu 700 panda hadi 5 au 6, kwa sababu kihisi na kiunganishi chake vina nafasi mfu, yaani nafasi inayojaa hewa isiyofika pafuni, inayokaribia mililita 1, na mililita hiyo kwa mtoto wa gramu 600 ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Mtoto aliyekaa kwenye mashine wiki kadhaa huhitaji 6 au zaidi, maana njia zake za hewa zimetanuka. PEEP 5 hadi 6. Muda wa kuvuta sekunde 0.3 hadi 0.4. Tumia hali inayosaidia kila pumzi ya mtoto, na kiwango cha akiba kiwe pumzi 30 hadi 40 kwa dakika; ukikiweka 60, mashine itampumulia yeye kabla hajapata nafasi ya kujaribu, na utadhani mtoto hapumui kumbe hajaachiwa. Kitambuzi cha pumzi kiweke kwenye wepesi wa mwisho kabisa ambao hauleti pumzi za uongo. Oksijeni ifuate kipimo cha oksijeni ya damu kinachobandikwa kwenye ngozi: asilimia 90 hadi 95, na kengele ya juu isizimwe mtoto akiwa kwenye oksijeni ya ziada.

Kikomo cha shinikizo ndicho kinachowachanganya wengi. Si PIP unayompa mtoto. Ni dari ambayo mashine haitaivuka. Mwanzoni weka 25, hadi 30 kwa pafu gumu. Mtoto akishatulia, iteremshe iwe kama 5 juu ya presha inayotumika kweli. Dari ikiwa chini sana, mashine italalamika kila dakika kwamba ujazo haujafikiwa. Ikiwa juu sana, siku kihisi kinapodanganya hakuna cha kuizuia. Na mashine ikilalamika, dari ndiyo kitu cha mwisho kugusa. Kwanza tazama kifua kama kinapanda pande zote mbili, mrija kama umejikunja, namba ya kina mdomoni kama ni ileile iliyoandikwa, makohozi, uvujaji, kisha fikiria hewa iliyovujia nje ya pafu. Kuipandisha dari bila kuangalia hayo ni kuinyamazisha mashine iliyokuwa inasema kweli.

Pima gesi za damu baada ya kama dakika 30. Kabonidayoksaidi ya milimita 45 hadi 55 za zebaki inafaa kwa njiti wengi. Chini ya 35 ni hatari, rekebisha papo hapo.

Kosa moja linajirudia sana kiasi cha kustahili aya yake. Watu waliozoea mashine za presha humwachisha mtoto kwa kushusha namba. Hapa wanashusha ujazo: 4.5, 4, 3.5, 3. Chini ya 4 kwa kilo mashine inajiondoa na kumwachia mtoto kazi yote. Anapumua mara 80 kwa dakika, kifua kinaingia ndani, PIP kwenye skrini inaonekana ya kupendeza, na usiku anachoka. Mashine hii hujiachisha yenyewe: pafu likipona, PIP inateremka bila mkono wako. Wastani wa shinikizo ukifika chini ya 8, oksijeni chini ya asilimia 30, mtoto ameshapewa kafeini ya kumchochea apumue na anajitahidi mwenyewe, zungumzia kutoa mrija.

Kihisi

Kuna aina mbili. Ya kwanza ina waya mbili nyembamba mno zinazopashwa moto. Hewa ikipita hupooza, na mashine hukokotoa mtiririko kutokana na umeme unaohitajika kurudisha joto. Inasoma hata mtiririko mdogo sana, ndiyo sababu tunaipendelea kwa njiti wadogo kabisa. Udhaifu wake ni uchafu: tone la maji, makohozi au surfaktanti likigusa waya, namba zinapotea njia. Aina ya pili hupima tofauti ya presha pande mbili za kizuizi kidogo, kwa mirija miwili myembamba inayorudi kwenye mashine. Ni ngumu kuvunjika, lakini mtiririko ukiwa mdogo sana usahihi unapungua, na maji yakiingia kwenye mrija mmoja tu kati ya ile miwili kipimo kinaegemea upande. Mirija hiyo lazima itazame juu daima.

Aina ya waya husawazishwa kila siku, na kila inapobadilishwa. Hatua zenyewe: andaa ambu (mfuko wa kupumulisha kwa mkono) na barakoa kando ya mtoto, tenganisha kihisi na mrija, ziba mdomo wake kwa kidole chenye glovu safi ili hewa isipite kabisa, bonyeza usawazishaji, subiri mashine ikubali, rudisha. Ni sekunde chache. Hewa ikipenya hata kidogo wakati wa zoezi hilo, mashine itaandika sifuri isiyo sifuri, na kila ujazo wa siku nzima utakuwa na kosa lilelile.

Usafishaji ndio unaoviua. Maji ya bomba yenye nguvu hukata waya, hewa ya kupuliza hukata waya, na pamba ya masikio hukata waya. Kinachotakiwa ni kukilowesha taratibu kwenye dawa iliyotajwa na mtengenezaji, mara nyingi spiriti, kisha kukiacha kikauke kabisa. Hilo la kukauka si usafi tu. Waya hupashwa moto, na mvuke wa spiriti au mabaki ya dawa juu yake vinaweza kushika moto. Kwa sababu hiyohiyo kihisi hutolewa kabla ya kumpa mtoto dawa ya kuvuta kwa nebulaiza. Wakati huo hali ya ujazo haifanyi kazi, mashine inarudi kwenye presha, nawe unaweka presha iliyokuwa ikitumika dakika chache kabla.

Maji yakiingia, skrini inakuambia ukijua pa kutazama. Mstari wa mtiririko, ambao ungepaswa kushuka laini mwisho wa pumzi, unatetemeka kama meno ya msumeno. Kisha pumzi zinapanda hadi 90 au 100 kwa dakika, zote zikiwa na nafasi sawa kama saa ya ukutani, na mtoto amelala hajajitikisa. Hizo si pumzi zake. Ni maji yanayochezacheza mirijani na mashine inayadhania mtoto. Mwaga maji, geuza kihisi waya wa umeme utazame juu, sawazisha. Ukikimbilia kupunguza wepesi wa kitambuzi kwanza, umetibu skrini, na pumzi za kweli za mtoto hazitaonekana tena.

Uvujaji nao una hesabu yake. Ikiingia mililita 6 na kurudi 4, theluthi moja imevuja. Hadi hapo mashine nzuri huvumilia. Ikipita asilimia 40 au 50, usiamini tena ujazo unaoonyeshwa: hewa inayotoka nayo imeanza kukwepa kihisi, mashine inadhani pafu limepata kidogo, inapandisha presha, na pafu linapata nyingi. Geuza kichwa cha mtoto kidogo, hakiki kina cha mrija, na ikibidi panda saizi moja. Kwa kawaida 2.5 ni ya chini ya kilo moja, 3.0 ya kilo moja hadi mbili, 3.5 ya juu ya hapo; kina mdomoni ni kilo za mtoto ukijumlisha 6, kwa sentimita. Kama uvujaji haupungui, rudi kwenye hali ya shinikizo bila aibu. Baadhi ya mashine mpya hufidia uvujaji kwa hesabu ya pumzi hadi pumzi, na hapo tumeziona tofauti za kweli kati ya modeli na modeli. Hiki ni kipengele cha kulipia. Rangi za skrini si kitu cha kulipia.

Unyevu, ambao hakuna anayeuuliza

Brosha ya ventileta hutumia kurasa nyingi kwa hali za upumuaji na mstari mmoja kwa hyumidifaya. Kwa mrija wa 2.5, uwiano huo ungefaa ugeuzwe. Hewa kavu hukausha makohozi, makohozi hushika ndani ya mrija wenye kipenyo cha milimita mbili na nusu, na mrija huziba. Lengo ni hewa ya nyuzi 37 yenye miligramu 44 za maji kwa lita.

Kinachoharibika zaidi ni mahali pa kipimajoto cha mirija. Kikiwekwa ndani ya inkyubeta au chini ya hita ya kung'aa, kinapashwa na joto la nje, kinairipotia hyumidifaya kwamba hewa imeshapata joto, nayo inapunguza moto. Skrini inasoma 37, mtoto anavuta hewa iliyo kavu, na hakuna kengele. Kipimajoto kikae nje ya inkyubeta, na kutoka hapo hadi kwa mtoto tumia kipande cha mrija kisicho na waya wa joto, ambacho inkyubeta yenyewe itakitunza. Chini ya hita, kifunike kwa kibandiko chenye upande wa kung'aa. Dalili ya haraka: ukungu mwembamba karibu na kiungo cha Y ni mzuri, mirija mikavu kabisa ni mibaya, maji yanayotembea ni mabaya vilevile, kwani yataishia kwenye kihisi au kooni. Chumba chenye feni au kiyoyozi kinachopulizia mirija hutengeneza mvua ndani yake hata ufanyeje.

Angalia pia chombo cha maji. Kile kinachojijaza kina boya. Boya likinasa, ama maji yanazidi na kuingia mirijani, ama yanaisha na hewa inapita juu ya bamba la moto likiwa kavu. Na tunaiandika hii tukijua itachekesha: hakikisha imewashwa. Hyumidifaya nyingi zina swichi yake pekee, na ventileta haijui kama iko hai.

Kengele

Hapa mashine hizi zinapata alama za kati. Zinalia mno kwa mambo madogo, na kuna jambo moja kubwa zinaloweza kulinyamazia.

Jambo lenyewe ni mrija kuchomoka. Mrija wa 2.5 ni mwembamba kiasi kwamba ukichomoka kooni na kuning'inia mdomoni, bado una ukinzani wa kutosha kuifanya mashine ione presha karibu ileile iliyopangwa. Kengele ya presha ya chini haitalia. Kinachoanguka ni hewa inayorudi: ujazo wa kutoka unakuwa karibu sifuri na uvujaji unaruka juu ya asilimia 90. Kwa hiyo kengele ya ujazo wa dakika ndiyo mlinzi wa kweli, na isiachwe kwenye namba ya kiwandani. Iweke chini ya ujazo wa kawaida wa mtoto huyo kwa asilimia 20 hadi 30. Mtoto wa kilo moja anayevuta mililita 5 mara 50 kwa dakika ana mililita 250, basi kengele ikae karibu 180 hadi 200. Mashine isiyokuruhusu kushuka hadi mililita makumi machache kwa mtoto wa gramu 500 haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kelele ndogondogo zipunguze kwa kuchelewesha kengele ya ujazo wa pumzi kwa sekunde kadhaa, si kwa kuizima. Mtoto akiporomoka ghafla, usianze kusoma ujumbe kwenye skrini. Mtenganishe, mpe pumzi kwa ambu, kisha pitia manne kwa mpangilio: mrija umechomoka au umezama upande mmoja, mrija umeziba, hewa imevujia kifuani, mashine ina hitilafu. Akiimarika mara tu ukimtoa kwenye mashine, kosa liko kwenye mashine au mirija yake.

Hali nyingine zilizomo

Mtikisiko wa kasi kubwa, ule wa pumzi ndogo mno kwa hezi 10 hadi 15 (yaani mara 10 hadi 15 kwa sekunde), upo kwenye nyingi za mashine hizi. Kwa njiti wadogo unafanya kazi vizuri, na pale ambapo hali ya kudhamini ujazo inafanya kazi pia kwenye mtikisiko, lengo la kama mililita 1.5 hadi 2 kwa kilo hupunguza kuyumba kwa kabonidayoksaidi. Kwa mtoto wa kilo 4 mwenye pafu gumu, mashine nyingi za mseto, zenye hali za kawaida na mtikisiko pamoja, huishiwa nguvu. Ile ya pistoni ya SensorMedics 3100A, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991 na isiyofanya kingine chochote, bado inasukuma kwa nguvu kuliko nyingi kati yao. Kumbuka ukurasa wa kwanza wa mafunzo: kwenye mtikisiko, kushusha hezi huongeza kutoa kabonidayoksaidi, kinyume kabisa na pumzi za kawaida. Wapya hukosea hapo kila mara.

CPAP ya puani, yaani shinikizo la kudumu linalotolewa bila mrija kooni, imo pia, na inafaa. Daktari George Gregory na wenzake walionyesha mwaka 1971 kwamba shinikizo la kudumu peke yake linaweza kumvusha njiti, na hadi leo watoto wengi wanaowekewa mrija wangeweza kukaa bila mrija. Ukitumia ventileta kwa kazi hiyo, toa kihisi. Uvujaji wa puani na mdomoni unakifanya kisome upuuzi. Ila kuifunga mashine ya gharama hii kwenye CPAP wakati mfumo wa mapovu ya maji unafanya kazi hiyohiyo ni matumizi mabaya ya kitanda.

Umeme na gesi kwa kifupi. Mashine inayotegemea hewa ya kubanwa inahitaji presha ya ukutani ya takriban baa 3 hadi 6, kwa hewa na kwa oksijeni, na betri haitaisaidia hewa ikikatika. Yenye tabo, feni ya kasi iliyo ndani ya mashine, hujitengenezea hewa. Konsentreta ya kawaida ya oksijeni haitoi presha ya kulisha mlango wa presha kubwa, hata ukiunganisha ngapi. Betri ipimwe ikiwa na pafu la majaribio na hyumidifaya imechomekwa kama itakavyokuwa usiku, kwani hyumidifaya kwa kawaida haimo kwenye betri hiyo.

Vipuri na siku ya majaribio

Orodha ya vya kuulizia kabla ya kusaini ni fupi: vihisi, angalau viwili vya akiba kwa kila mashine, waya wa kihisi, unaokatika kwenye shingo, seli ya kupimia oksijeni, ambayo ile ya kikemikali huisha baada ya kama mwaka mmoja hata mashine ikikaa stoo, vali ya kutolea pumzi, na vichujio vya upande wa kutoka. Kichujio kilicholowa ni hila ya kimyakimya: hewa inatoka kwa shida, PEEP halisi inapanda juu ya ile uliyoweka, kifua kinabaki kimejaa, na mtu anamlaumu mtoto. Kibadilishwe kwa ratiba, siyo kwa kukiangalia.

Siku muuzaji analeta mashine, mwombe afanye majaribio yafuatayo mbele ya muuguzi wa zamu na fundi wa vifaa tiba, na hyumidifaya ikiwa na maji na moto. Aunganishe pafu la majaribio la mtoto mchanga kwa mrija wa 2.5 na kuweka lengo la mililita 4. Aiache itulie. Abane pafu kwa vidole kuligeuza gumu, kisha aachie ghafla, nanyi mhesabu ni pumzi ngapi zinapita juu ya lengo kabla mashine haijateremka, na zinapita kwa kiasi gani. Atoboe uvujaji mdogo pembeni na mwone kama pumzi za uongo zinaanza. Adondoshee kihisi tone moja la maji kwa sindano, kisha mtazame mashine inasema nini: inatangaza kihisi kibovu, au inaendelea kuonyesha namba nzuri? Baada ya hapo achomoe pafu la majaribio lakini auache mrija wa 2.5 ukining'inia kwenye kiungo cha Y, mwanzishe saa, na kila mtu anyamaze hadi mashine ipige kelele.